Nilivyorudi Gede baada ya kunusurika malaria

Ukitoka Mombasa kwa matatu kuelekea Malindi, utavuka daraja la Mtwapa, kisha lile la Kilifi, halafu msitu wa Arabuko-Sokoke utakusindikiza mkono wa kushoto kwa kitambo kirefu. Mwishowe utingo hugonga bodi ya gari na kuita, "Gede! Wa Gede shukeni!" Hapo ndipo niliposhuka mwezi wa Agosti mwaka 2024, jua likiwaka, nami kijasho chembamba kikinitoka.

Mpenzi msomaji, mtu mzima kuogopa kituo cha matatu ni kichekesho. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa na mbu.

Mnamo Desemba 2021 nilikuja hapa na mke na watoto kumtembelea dada yangu aliyeolewa Gede. Mimi ni mzaliwa wa Limuru, kwenye baridi, na miili yetu sisi wa huko haijazoea malaria. Chandarua sikukijali. Majuma mawili baada ya kurudi nyumbani, kichwa kilianza kuniuma. Katika zahanati moja niliambiwa ni mafua, nikapewa tembe nikalale. Siku ya tatu nilipoteza fahamu. Malaria ilikuwa imeingia ubongoni. Nililazwa siku tisa, tatu kati yake bila kujitambua.

Nilipona, ila hofu haikupona. Mbu akilia sikioni, moyo ulinidunda kama ngoma. Harufu ya spiriti ilinirudisha kwenye kile kitanda. Kichwa kikigonga kidogo tu, mbio kwenda kupimwa; mwaka 2022 nilipimwa mara 11, na mara zote sikupatikana na malaria. Mwaka 2023 mpwa wangu aliolewa hapa Gede. Sikwenda. Nilituma pesa na kisingizio. Dada alipokea pesa, kisingizio akakikataa. "Kaka, pesa hazichezi ngoma," aliniambia, na kwa miezi mitano hatukuzungumza.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mshauri. Alinieleza kuwa mwili ulioponea chupuchupu hujifunza kuogopa sauti, harufu na mahali palipohusika na maradhi. Huo si wazimu wala udhaifu. Lakini kila unapokimbia, hofu hupata nguvu zaidi. "Rudi polepole," alisema. "Mchana kwanza, tena na mtu wako." Basi Julai 2024 UNESCO ilipouingiza mji wa kale wa Gede katika orodha ya urithi wa dunia, binti yangu akaniambia, "Baba, twende." Nikapiga moyo konde.

Magofu hayo yamo ndani ya msitu, mwendo mfupi kutoka barabarani. Utaona msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe ya matumbawe, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mibuyu imeota kati ya kuta, na kima hurukaruka juu yake. Wachimbuaji walikuta hapa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Kisha katika karne ya 17 watu walihama. Wataalamu wametaja mashambulizi, na pia maji ya visima kushuka.

Tulikuwa kivulini karibu na kisima kirefu mbu alipolia sikioni mwangu. Pumzi zikanikatika. Nikafanya nilivyofunzwa: nikaikanyaga ardhi kwa nguvu, nikavuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, nikataja kwa sauti vitu vitano nilivyoviona. "Mbuyu. Kisima. Kima. Ukuta. Binti yangu." Binti akacheka, "Mimi si kitu, Baba!" Nami nikacheka, na moyo ukatulia.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Nikiwa ndani ya chandarua chenye dawa, saa nane nilianza kutetemeka nikiamini malaria imenirudia. Dada alisikia nikigeukageuka akaja kuketi mlangoni. Nikajikumbusha alilosema daktari aliponipa tembe za kinga kabla ya safari: baada ya kuumwa na mbu, dalili za malaria kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi kujitokeza. Nilikuwa nimefika jana. Huo haukuwa ugonjwa, bali ni kumbukumbu ya ugonjwa. "Ungeniambia mapema, kaka," dada alisema. "Mimi nilidhani unatudharau." Tuliongea hadi jogoo wakawika.

Asubuhi hiyo mpwa wangu alileta mahamri na mbaazi, na mtoto mchanga mgongoni. Nilimpakata mtoto huyo, nikajua ni mengi niliyokuwa nimeachia hofu inile.

Sisemi kuwa nimepona kabisa. Bado mbu hunishtua. Nawe uliyenusurika saratani, kifua kikuu au korona, huenda kikohozi au harufu ya hospitali hukushtua vivyo hivyo. Usifiche, mweleze mtu wako, na umwone mshauri. Na ukirudi kutoka pwani au kando ya ziwa ukapata homa, pimwa siku hiyo hiyo. Kupimwa kwa sababu ya homa ni busara. Hofu isiyo na homa, hiyo vuta pumzi, kanyaga ardhi, na uendelee na safari.