Nyumba ya kwenye simu hailaliki

Msomaji wangu, siku hizi ukikaa kijiweni na washikaji, iwe Shinyanga mjini, Kahama au Geita, usishangae kijana akakutolea simu na kukuonyesha nyumba ya maana: vioo vikubwa, gari uani, kivuli cha mti ukutani. Ukimuuliza iko mtaa gani, anacheka. Nyumba haipo bwana! Imetengenezwa na kompyuta.

Wenyewe wanaita kurenda. Fundi anachora nyumba, kisha anaiambia programu: huu ukuta ni saruji, hiki ni kioo, jua liko pale. Programu nayo inafuata miale ya mwanga kinyumenyume, kuanzia kwenye kamera. Mwale unagonga ukuta, unadunda, unapita kwenye kioo, mpaka ulifikie jua. Kila nukta ya picha inahesabiwa hivyo. Kwa hesabu hizohizo inaweza kukutengenezea almasi ukadhani imetoka Mwadui leo asubuhi. Na si lazima uwe tajiri. Blender, programu ya Mholanzi Ton Roosendaal, tangu 2002 iko huru, unaitumia bure na hata kuirekebisha. Wewe tafuta kompyuta yenye nguvu, halafu omba umeme usikatike picha ikiwa nusu.

Sasa sikia kasheshe. Kaka yangu anachimba dhahabu kwenye maduara kule Geita. Alipopata vijisenti akamlipa fundi wa picha badala ya fundi mwashi. Picha ikatumwa kwa wakwe watarajiwa, Shinyanga. Mama mkwe akaita na majirani waje waone. Siku tulipokwenda kuzungumza mahari, mzee akaishika simu, akaitazama kimya. Nikajua anahesabu vyumba. Wapi!

"Wanangu, huu mwezi wa ngapi?"

"Wa nane, mzee."

"Wa nane, na majani ya kijani hivi? Na ukuta mweupe hauna hata vumbi?"

Kimya. Mzee hakufoka. Alisema ng'ombe ni walewale, ila tarehe ya harusi itapangwa siku atakayoukanyaga msingi. Binti wa watu akabaki anasubiri.

Mimi siziponzi hizo picha. Kuhamisha dirisha kwenye kompyuta ni dakika chache. Kubomoa ukuta wa tofali ni kilio. Tatizo ni picha kumeza hela ya tofali, halafu ikatumika kuahidi watu. Na hela ya duara mnaijua: inakuja kwa kishindo, inaondoka kwa kishindo.

Kaka sasa kila duara likitema ananunua saruji kwanza. Msingi umeshachimbwa, na hakuna aliyemwita jirani kuutazama.

Dada zangu, ukionyeshwa nyumba kwenye simu, isifie vizuri tu. Halafu vaa kandambili, mwambie akupeleke.