Tuliona Haya Kuandikiana

Sisi ni mke na mume, wakazi wa Dar es Salaam, na riziki yetu twaipata kwa kupanga kurasa za vitabu. Hatuna mwajiri. Mteja huja na muswada, tukaupanga, akalipa, akaenda zake.

Miaka michache iliyopita alitujia jirani yetu, mtu wa msikiti wetu, akitaka tumpangie kitabu chake. Tulipatana bei kwa mdomo, kahawa ikiwa mezani. Mmoja wetu alitaka tuandike, mwingine akanong'ona, "Utamwandikishaje ndugu yako? Atadhani humwamini." Tukaona haya, tukanyamaza.

Kazi ilipokwisha, alirudi na sura mbili mpya. Tukazipanga. Akarudi akitaka jalada. Tukalichora. Tulipotaja nyongeza ya malipo, alishangaa. Yeye alielewa kuwa bei ile ni ya kitabu mpaka kiingie mtamboni. Sisi tulielewa kuwa ni ya muswada aliotukabidhi. Hakuna aliyesema uongo, bali kila mmoja alibaki na kumbukumbu iliyomfaa. Ada ya mtoto wetu ilichelewa, na lililotuuma zaidi, salamu zikawa nzito.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul-Baqarah, yahusu kuandikiana deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi, ili shaka isipate nafasi. Na malipo ya kazi iliyokwisha kukabidhiwa ni nini kama si deni? Kila Ramadhani tulikuwa tukiisoma aya hiyo, lakini tukidhani yawahusu wafanyabiashara wakubwa.

Hatimaye tulimwendea jirani. Alilipa nusu ya nyongeza, nasi tukasamehe nusu. Tangu hapo, kila kazi ina karatasi yake: kazi ni ipi na inaishia wapi, marekebisho ni mangapi, malipo ya awali ni kiasi gani, yanayobaki yatalipwa lini, na itakuwaje mmoja akighairi. Pande zote mbili hutia saini, na kila upande hubaki na nakala.

Jirani alipoleta kitabu cha pili, yeye ndiye aliyeanza kuuliza, "Karatasi iko wapi?" Tukacheka sote, tukaandika, kisha tukanywa kahawa.

Enyi mafundi wenzetu, msione haya. Kalamu haivunji udugu, huulinda.