Ile Taa Nyekundu ya Kuondoa Maumivu



Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, mmoja kwenye stage pale Donholm na wawili kwa simu. "Pasta, hiyo taa ya leza ya kuondoa maumivu ni ya Mungu ama ni mambo ya giza?" Nitajibu hapa mara moja.

Si mambo ya giza. Ni mwanga tu. Kwa wale wanaotaka Biblia kwanza, someni 2 Wafalme 20. Hezekia aliugua, Bwana akamwahidi uzima kupitia Isaya, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zilikaa chumba kimoja na hakuna aliyeuliza ni ipi ya kiroho. Hilo tuliweke kando basi, maana swali kubwa ni hili: hiyo taa inafanya kazi gani, na kazi gani haiwezi?

Nyumbani kwangu tumeiona. Mama watoto ni fundi wa nguo, wengi wenu watoto wenu wamevaa sare alizoshona. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, huinama kwenye cherehani asubuhi hadi usiku. Mwaka jana shingo ilikataa. Mteja akiita mlangoni, ilibidi ageuke mwili mzima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kila siku, vile vya kununua dukani bila karatasi ya daktari, mpaka tumbo likaanza kuchoma. (Na hapa nawaambia mama mboga na watu wa mjengo hasa: vidonge hivyo vikizoeleka vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Havina huruma kwa sababu eti ni vya bei ndogo.)

Tukaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alimpima kwanza, akamuuliza maswali mengi, ndipo akatoa kifaa kama tochi ndogo. Wote wawili wakavaa miwani ya kukinga macho, nami nikapewa yangu. Kifaa kikagusishwa shingoni, hapa kidogo, pale kidogo, dakika chache, imekwisha. Nikamuuliza mke wangu amesikia nini. Hakuna, hata joto. Nikahesabu pesa zetu kimoyomoyo.

Mtaalamu akacheka, akanieleza. Leza ya daktari wa upasuaji hukata na kuchoma. Hii ina nguvu ndogo. Mwanga mwekundu, na ule jirani yake ambao jicho halioni, hupenya ngozi na kufika kwenye chembe za mwili. Ndani ya chembe kuna vijiumbo vinavyoitwa mitokondria, jiko la chembe tuseme. Wanasayansi wengi wanaona kwamba mitokondria hufyonza mwanga huo na kuchangamka, kisha uvimbe na maumivu hupungua. Kipimo ndicho kila kitu. Ukimulika kidogo mno hupati kitu, ukizidisha unaweza kupoteza faida yote.

Jambo hili lilianza kwa njia ya ajabu. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa Budapest akijaribu leza kwa panya, akitafuta kuona itafanya nini kwa saratani. Leza yake ilikuwa dhaifu, saratani haikuondoka. Lakini manyoya ya panya waliomulikwa yaliota upesi kuliko ya wenzao. Alitafuta moja akapata lingine.

Sasa, je, inasaidia kweli? Kwa shingo, ndiyo, kiasi. Mwaka 2009 jarida la madaktari la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 820, na maumivu ya shingo yalipungua, kwa wengine hadi wiki 22 baada ya matibabu. Mahali pengine inapotumika ni kwa vidonda vya mdomoni vinavyowapata wagonjwa wa saratani wakiwa kwenye tiba ya dawa au mionzi. Uingereza, taasisi ya NICE iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2018. Angalia vizuri: ni vidonda vinavyoletwa na tiba, tena chini ya madaktari. Saratani yenyewe haitibiwi hivyo.

Mke wangu alipata nafuu baada ya wiki kadhaa. Siwezi kuapa kwamba ni leza peke yake. Alipewa pia mazoezi ya shingo, akaambiwa ainue meza ya cherehani na asimame kila baada ya muda. Mimi naona meza ilifanya kazi kubwa kuliko tulivyotaka kukubali, maana meza haikutugharimu kitu.

Lakini kilichonifanya niandike ni kingine. Mwezi uliopita alikuja mtu na mashine yake akitaka nimpe nafasi baada ya ibada awamulike washirika. Akasema inatibu sukari, presha, figo, "na uvimbe wowote, pasta." Nilimnyima nafasi. Akatoka nje ya geti akaanza kuwamulika watu kando ya barabara. Mama mmoja wetu, ambaye nyote mngemjua nikitaja sauti yake kwenye kwaya, alikuwa na uvimbe kwenye titi na hakuwa amemwambia mtu. Alilipia siku tano. Siku ya tatu akamwambia mke wangu.

Wapendwa, uvimbe usiojulikana haumulikwi. Wataalamu wenyewe hukataa kuelekeza leza mahali panaposhukiwa saratani. Kesho yake asubuhi tulipanda matatu naye hadi Mama Lucy. Ameshapimwa, anangoja majibu, nasi tunafunga naye Jumatano hii. Amenipa ruhusa niandike hadi hapo.

Jumapili baada ya ibada ya pili, ndugu yetu mmoja wa fiziotherapia, aliyesajiliwa na baraza lao, atakaa kwenye hema la watoto mpaka saa tisa. Hana mashine na hachukui pesa. Mwenye goti, mgongo au bega aje na vidonge vyote anavyomeza, hata vile alivyomficha mumewe. Na kina mama wenye uvimbe popote, mke wangu atakuwa ofisini, mlango umefungwa.