Mizani ya Mteuzi

Kuchagua ni kuhukumu. Mtu achaguaye mmoja kati ya wawili amekwisha kumhukumu yule wa pili, apende asipende. Wapenzi wa michezo huwasifu wachezaji na kuwalaumu manahodha, lakini wateuzi, yaani wale watu wachache wakaao faraghani na kalamu na karatasi, huwasahau mpaka siku wakoseapo. Mimi ni mwalimu wa shule na mpenzi wa kriketi. Ninalo daftari ambamo kila mashindano makubwa ya Testi yanapokaribia huandika timu yangu mwenyewe kabla wateuzi hawajatangaza yao. Mbele ya kila jina huandika sababu moja. Nisipoiona sababu, jina nalifuta.

Nchi yetu ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka wa 2003, lakini haijapata kamwe daraja la kucheza Testi. Kwa hiyo sisi twaitazama karamu hii dirishani. Si hasara tupu: asiye na sahani mezani huweza kuona vizuri nani amepewa nyama na nani amenyimwa.

Mechi ya Testi huchezwa kwa siku tano. Kila upande una watu kumi na mmoja, nao hupata zamu mbili za kupiga. Katika kandanda, mchezaji ashindwaye hutolewa akaingia mwingine. Katika Testi sivyo: isipokuwa kwa jeraha la kichwa na mambo machache kama hayo, hapana mwingine awezaye kupiga wala kurusha mpira mahali pa aliyeandikwa. Jina likosewalo siku ya kwanza huwa mzigo hadi siku ya tano.

Tena timu ni kama shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu yabaki nje. Ukiongeza mrushaji, umempunguza mpigaji. Maoni yangu ni kwamba warushaji watano ni bora kuliko wanne, kwa kuwa ushindi wa Testi aghalabu haupatikani mpaka wapinzani wamepoteza wiketi ishirini, na mikono minne huchoka upesi. Wengine watasema kuwa mikimbio ndiyo ngome, basi na waongezwe wapigaji. Hayo ni mambo ya hesabu, na watu wenye nia njema waweza kubishana juu yake hadi jua litue wasikosane. Liko jambo jingine lisilo la hesabu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Timu ya West Indies, ambayo ni ya visiwa vya Karibi pamoja na nchi ya Guyana, ilianza kucheza Testi mwaka wa 1928. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilijaa wachezaji hodari weusi, lakini unahodha wa mfululizo mzima wa mechi ulikuwa wa watu weupe. George Headley, ambaye wastani wake ulizidi mikimbio 60, aliongoza mechi moja tu, mwaka wa 1948. Mwandishi C. L. R. James alipigania jambo hili katika gazeti la The Nation huko Trinidad, na hatimaye Frank Worrell akapewa uongozi wa safari ya Australia ya mwaka wa 1960 na 1961. Mechi ya kwanza, mjini Brisbane, ilimalizika kwa sare ya mikimbio, 737 kwa 737, jambo lisilopata kutokea katika Testi. West Indies walishindwa katika mfululizo ule kwa mechi mbili kwa moja, lakini walipokuwa wakiondoka Melbourne watu wengi walijipanga barabarani kuwaaga. Uwezo wa Worrell haukuzaliwa Brisbane. Ulikuwapo siku zote, ila macho ya wateuzi yalikuwa yakitazama ngozi.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town, katika kundi ambalo sheria za Makaburu zilikataza lisichezee timu ya taifa la Afrika Kusini. Mwaka wa 1960 alikwenda Uingereza kwa msaada wa John Arlott, mtangazaji wa kriketi, na mwaka wa 1966 akaingia katika timu ya Uingereza. Mwezi wa Agosti, 1968, alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia katika uwanja wa The Oval, na timu yake ikashinda. Siku chache baadaye wateuzi walikutana kuchagua timu ya kwenda Afrika Kusini, na jina lake halikuwamo. Walisema kwamba wameamua kwa sababu za mchezo peke yake. Kisha Tom Cartwright alipojitoa kwa kuumia, D'Oliveira akawekwa mahali pake. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Vorster, akaikataa timu hiyo, na safari ikavunjika.

Mimi nayapima maneno ya wateuzi wale kwa daftari langu. Sababu iliyo njema ni ile uwezayo kuisoma kwa sauti mbele ya yule uliyemwacha. Je, ni nani angalithubutu kumsomea D'Oliveira sababu yake, jasho la mikimbio 158 likiwa halijamkauka?

Wala dhulma haikuwaumiza walioachwa peke yao. Afrika Kusini ilitengwa, na baada ya mwaka wa 1970 haikucheza Testi tena mpaka mwaka wa 1992. Barry Richards, mpigaji mweupe mwenye kipaji adimu, alicheza Testi nne tu, akapata mikimbio 508, na mlango ukafungwa. Waliowafungia wenzao nje walijikuta wamejifungia ndani.

Hapa wanafunzi wangu huniuliza swali la haki. Mwaka wa 2016 wakuu wa kriketi wa Afrika Kusini waliweka shabaha kwamba, kwa wastani wa msimu, timu iwe na wachezaji sita au zaidi wasio weupe, na wawili kati yao wawe Waafrika weusi. Je, huko nako si kuchagua kwa rangi? Hoja hiyo siidharau. Lakini mizani iliyopindishwa kwa miaka mingi hainyoki kwa kuachwa ilivyo. Shabaha ile huwalazimisha wateuzi kwenda kutazama viwanja ambavyo baba zao hawakuvikanyaga. Hatari yake ni kwamba kijana ateuliwaye hushukiwa hata akistahili, na dawa ya shaka hiyo ni kumpa muda.

Temba Bavuma, aliyezaliwa mwaka wa 1990 katika mtaa wa Langa mjini Cape Town, aliyasikia maneno hayo kwa miaka. Wako waliosema kwamba rangi yake ndiyo iliyomweka katika timu. Mwezi wa Juni, 2025, akiwa nahodha, aliiongoza Afrika Kusini katika fainali ya ubingwa wa dunia wa Testi katika uwanja wa Lord's. Walitakiwa kupata mikimbio 282 ili waishinde Australia. Aiden Markram alipata 136. Bavuma, huku akichechemea kwa maumivu ya mguu, alikaa naye muda mrefu akapata 66, na ushindi ukawa wao. Laiti wateuzi wangalimtupa alipokuwa akishindwa hapo nyuma, siku ile isingalikuwapo. Kuteleza si kuanguka, na mteuzi asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili hafai kushika kalamu.

Msomaji kijana, labda hutachagua timu ya Testi maishani mwako. Lakini utachagua kiranja, mweka hazina wa chama, mfanyakazi wa dukani, na siku moja mtu wa kukuongoza. Utaona jamaa yako upande mmoja na astahiliye upande wa pili, na hapana mtu atakayekuona unapoandika. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Andika jina, kisha andika sababu mbele yake. Ikiwa huwezi kuisoma mbele ya yule uliyemwacha, chukua kifutio.