Saa za Kuazima



Mwanetu alipotuomba tumnunulie gitaa kuukuu aliloliona katika Soko la Haraj, hapa hapa Najma, tulimkatalia kabla hajamaliza maneno yake. Bei haikuwa sababu. Tuliwahofia majirani. Kuta za jengo letu ni nyembamba, na wapangaji wengi hufanya kazi za usiku. Ukitwanga kitunguu saumu saa nne asubuhi, umekwisha kumwamsha mtu. Isitoshe, tulijiambia kwamba hatukuvuka bahari ili tulee mpiga gitaa.

"Baba, mama, naomba mnisikilize kwanza," alisema. Akatusimulia habari ambayo sisi, wazaliwa wa Unguja, tuliijua nusu tu.

Tulijua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na kwamba mwaka 1964 familia yake ilihamia Uingereza. Tusilolijua ni jinsi albamu ya kwanza ya bendi yake ya roki, Queen, ilivyopatikana. Mwaka 1972 vijana wale wanne hawakuwa na fedha za kukodi studio kubwa. Wenye studio ya Trident, jijini London, waliwaruhusu kurekodi katika saa zilizobaki, yaani zile ambazo wateja wenye kulipa hawakuzihitaji. Mara nyingi zilikuwa saa za usiku, wenzao walipokwisha kwenda kulala. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Saa za kuazima, hata hivyo, ziliwasitiri vijana hao.

Gitaa linalosikika humo, Brian May alikuwa amelitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, shingo yake ikichongwa kutokana na ubao wa meko ya kale. Baba huyo huyo alisikitika baadaye mwanawe alipoyaweka kando masomo ya uzamivu kwa ajili ya muziki. Hapo tulitazamana. Mwanetu aliwahi kuongeza kwamba shahada hiyo ilikuja kupatikana mwaka 2007.

Albamu yenyewe ilitoka tarehe 13 Julai 1973, wala haikupokewa kwa vigelegele. Santuri ndogo iliyoitangulia kwa wiki moja haikuingia kabisa katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Albamu ya pili, ya Machi 1974, ndiyo iliyofika nafasi ya 5.

Usiku ule hatukulala mapema. Sisi tunaoishi hapa kwa ruhusa ya muda, katika nyumba za kupanga, ni nani miongoni mwetu asiyetumia saa za watu wengine? Kesho yake tulibisha hodi mlango baada ya mlango, tukawauliza majirani ni wakati gani hakuna aliyelala. Ikapatikana saa moja tu, kuanzia saa kumi na moja jioni: wa zamu ya usiku wamekwisha kuondoka, na wa zamu ya mchana hawajarudi.

Gitaa tulilinunua likiwa na nyuzi tano. Hadi leo mwanetu anajua nyimbo mbili, na mmoja huukosea. Lakini saa yake inapokwisha, huliweka chini bila kukumbushwa.

Msomaji mwenye uzi wa ziada, tafadhali asitusahau.