Mechi 13, ushindi sifuri, na bado tunaangalia

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba vijana mnaosoma humu kimyakimya bila kuacha hata neno: leo siandiki juu ya homa wala chanjo. Wiki iliyopita nilipoandika kuhusu kelele na usingizi wa mtoto mchanga niligusia mpira kidogo tu, mstari mmoja, basi meseji zikamiminika. Wengi mliuliza swali lile lile: "Sista, kumbe na wewe unaangalia Stars?" Naangalia. Naangalia na naumia, kama ninyi.

Tuanze na hesabu, maana sisi manesi tumezoea kuandika kila kitu kwenye chati. Taifa Stars imefika fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON, mara nne. Nigeria mwaka 1980, Misri 2019, Ivory Coast Januari 2024, na Morocco kuanzia Desemba 2025. Mechi tatu, tatu, tatu, halafu nne. Jumla 13. Sare tano, kufungwa nane, ushindi sifuri. Mtoto aliyezaliwa siku ile Stars inacheza na Nigeria kule Lagos, Machi 1980, leo anaweza kuwa bibi, na hajaiona nchi yake ikishinda hata mechi moja ya fainali hizo.

Lakini kufungwa siyo kinachoniumiza, niwaambie ukweli. Kufungwa kupo. Senegal akikufunga mbili, Algeria akikufunga tatu, kama walivyofanya 2019, unasema sawa, wale wakubwa. Kinachochosha ni kuangalia timu inayocheza kama mtu anayevuka daraja bovu usiku: hatua moja mbele, mbili nyuma, mpira kwa beki, beki kwa kipa, kipa anapiga mbele kule, unarudi. Dakika tisini. Unapika, unanyonyesha, unarudi kwenye luninga, hakuna ulichokosa.

Mnaikumbuka mechi ya Zambia? Januari 21, 2024, San Pedro. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakapewa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Jamani, unaongoza, mwenzako yuko pungufu, kipindi kizima cha pili kiko mbele yako! Tukarudi nyuma. Tukakaa golini kwetu kama watu wanaosubiri mvua ipite, mpaka dakika ya 88, kona ikapigwa, Patson Daka akaruka, kichwa, bao. Ushindi wa kwanza katika historia yetu ulikuwa umebakiza dakika mbili na nyongeza. Siku tatu baadaye tukahitaji kushinda dhidi ya Kongo. Sifuri kwa sifuri. Kwaheri, pointi mbili, bao moja katika mechi tatu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo limenifanya niandike.

Desemba 30, 2025, Stars na Tunisia, mimi nilikuwa zamu wodi ya wazazi. Simu ya mzazi mmoja ilikuwa chini ya mto, sauti ndogo kabisa, kanuni za wodi mnazijua. Wenzake wamegeuza shingo upande ule wote. Mama wa kitanda cha pili, uzazi wake wa tatu, mtoto yuko ziwani, akaniambia bila kugeuka, "Sista, tumepigwa penati." Nikamwambia pole. Akasema, "Pole ya nini, mpira bado." Kipindi cha pili kilipoanza tu, dakika ya 48, Feisal Salum akasawazisha. Wodi nzima ikapiga kigelegele cha kunong'ona, kama mnaweza kukielewa kigelegele cha namna hiyo. Mtoto mmoja tu ndiye aliyeamka.

Ikaisha 1-1. Pointi mbili, kama kule Ivory Coast. Zile zile mbili! Safari hii tukapita, kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi. Kwa nini? Wanaochukua nafasi ya tatu wanapangwa, wanne bora wanaingia. Sisi na Angola tulilingana pointi, tukalingana na tofauti ya mabao. Sisi tulikuwa tumefunga matatu, wao mawili. Bao moja. Charles M'Mombwa aliwafunga Nigeria katika mechi tuliyopoteza 2-1, na siku ile watu walisema bao la kufutia machozi tu. Kumbe ndilo lililotuvusha, pamoja na penati ya Msuva kwa Uganda na hilo la Feisal. Tungekaa nyuma kama siku ya Zambia tungerudi nyumbani na pointi zetu mbili mkononi. Halafu hatua ya 16 bora Morocco, mwenyeji, akatutoa kwa bao moja. Na mechi ile hakuna aliyelala, hata mama mkwe wangu ambaye huwa anasema mpira ni kupoteza mafuta ya taa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mpira wa kujilinda ndio uwezo wetu," mwonyeshe hayo mabao matatu.

Jambo la pili mnaloandika sana ni uteuzi. Kila orodha ya Stars ikitoka, kabla mtu hajasoma majina anasoma klabu. Simba wangapi? Yanga wangapi? Azam wangapi? Mume na mke wanaweza kununiana mpaka chakula cha usiku kwa ajili ya beki mmoja. Mimi upande wangu siutaji humu, nina wagonjwa wa pande zote.

Ila nitasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Mwaka 2018, kocha Emmanuel Amunike aliwaondoa wachezaji sita wa Simba kwa mpigo, Erasto Nyoni na John Bocco wakiwemo, kwa kuchelewa kuripoti kambini, na mechi ya Uganda iko mlangoni. Watu walimtukana huyo Mnigeria mpaka basi. Mimi nilikuwa upande wake. Kwetu hospitali ukichelewa makabidhiano ya zamu, kuna mtu amesimama tangu jana usiku anakusubiri, na kuna mgonjwa ambaye habari zake zitapotea katikati. Sheria ilijulikana, sababu ilitajwa, adhabu ikatolewa. Na mlango haukufungwa. Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa, tukawafunga hao hao Uganda 3-0 na kukata tiketi ya AFCON baada ya miaka 39. Bao la pili ni penati, na aliyeipiga ni Erasto Nyoni. (Kule Misri mambo yaliharibika, tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya tukafungwa 3-2, na Amunike akaondoka. Hilo nalo lipo, sijalisahau.)

Ndivyo ninavyotaka uteuzi uwe. Mtu aachwe, lakini sababu isemwe. Kilichotuudhi mwaka 2024 siyo kwamba kocha Adel Amrouche aliwaleta vijana wanaocheza Uingereza, madaraja ya chini, kina Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia. Vijana ni wetu, damu ni yetu, na walikimbia. Kilichoudhi ni kwamba shabiki wa kawaida hakuelezwa nani kaachwa ili hawa waje, na kwa nini. Ukinyamaza, watu watajaza wenyewe: "Ana mtu wake huyo." Kocha mwenyewe alifungiwa na CAF baada ya mechi ya kwanza tu kwa maneno aliyosema juu ya Morocco, Hemed Suleiman akashika timu katikati ya mashindano, maswali yakabaki hewani.

Mtaniuliza, haya yanawahusu nini akina mama wenye watoto wadogo? Yanatuhusu, waitu, tena sana. Mtoto anajifunza nyumbani namna watu wanavyochaguliwa. Anamsikia baba yake akisema "bila kujuana hupangwi," analibeba hilo, siku yake ikifika tayari ameshakata tamaa.

Nitawapa mfano wa kwetu Ngenge. Kuna binti wa jirani, kidato cha pili, mguu wa kushoto. Mpira akiupokea pembeni kule karibu na majaruba ya mpunga, wavulana wanaanza kurudi nyuma mapema. Zilipofika siku za kuchagua timu moja ya watoto, sitaitaja, alicheza siku zote mbili na kila mtu alimwona. Orodha ikabandikwa mlangoni, jina hakuna. Mama yake alipouliza aliambiwa orodha imeshapita. Basi. Neno lingine hakuna.

Wiki iliyofuata mama akaniletea mtoto: kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma, hali vizuri, usiku anageukageuka. Kwetu huku wazo la kwanza ni malaria, na ni sahihi liwe la kwanza, msiache kupima. Akapimwa, hakuna kitu. Homa hakuna. Nikamwomba mama atoke kidogo, nikamuuliza binti mpira vipi. Machozi yalitoka kabla ya jibu. Mama zangu, maumivu yale hayakuwa ya uongo. Mwili wa mtoto unasema kile ambacho mdomo hauna maneno yake, na tumbo ndiyo lugha ya kwanza. Usimwambie "mpira tu huo." Mwambie unajua inauma, mpe chakula chake, mrudishe kwenye ratiba ya kulala. Maumivu yakizidi wiki mbili au akianza kupungua uzito, rudi kituoni, siyo kwa jirani mwenye dawa za kienyeji.

Nikamsimulia habari moja, akaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Oktoba 2022, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, India. Serengeti Girls wetu walianza kwa kufungwa nne na Japan. Siku tatu baadaye wakawafunga Ufaransa 2-1. Ufaransa! Wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali, Colombia akawatoa. Wale ni mabinti wa shule, umri kama wake. Wakati kaka zao wanahesabu miaka wakitafuta ushindi mmoja wa AFCON, wao walimfunga mkubwa wa Ulaya kwenye Kombe la Dunia, na walishambulia. Akaniuliza, "Walichaguliwaje?" Hapo nesi akakosa dawa.

Maana njia ya mtoto wa huku ni nyembamba. Shule ya msingi kuna UMITASHUMTA, sekondari UMISSETA: kata, wilaya, mkoa, taifa. Kwenye kila ngazi kuna mwalimu mmoja na karatasi yake. Zamani angalau timu za Ligi Kuu zilikuja Kaitaba, pale Bukoba, kucheza na Kagera Sugar, na mtoto wa Muleba akipata nauli aliona mpira mkubwa kwa macho. Kagera Sugar nayo ikashuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25. Kwa hiyo macho ya wakubwa yakapungua tena upande wetu. Ndiyo maana karatasi ya mwalimu ina uzito kuliko anavyodhani, na ndiyo maana mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: mwanangu amekosa nini, afanye nini ili mwakani aingie? Swali hilo siyo fujo.

Mwaka 2027 AFCON inakuja nyumbani, sisi, Kenya na Uganda. Mwenyeji hafuzu, anaingia moja kwa moja, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kundi gumu la kufuzu. Mimi nitakaa pale kwenye banda la mpira na senene zangu kama kawaida, na nikifungwa 4-3 nitalala vizuri kuliko sifuri kwa sifuri. Mkisoma orodha ya kikosi siku hiyo, someni majina kabla ya klabu, tujaribu mara moja tu tuone.

Na baba vijana, bao likiingia, mtoto mchanga asiwe begani kwako. Mpe mama kwanza, ndipo uruke. Nimeshapokea mmoja kwa sababu hiyo, alipona.

Binti wa jirani amerudi mazoezini. Mwalimu mwingine amekubali kumwangalia, akamwambia wazi kwamba mguu wa kulia ni dhaifu, afanyie kazi. Amefurahi kuambiwa kuliko alivyofurahi kusifiwa. Kila jioni anapiga ukuta wa ghala kwa mguu wa kulia mpaka mama yake anapiga kelele. Njumu zake zimembana, vidole vimeanza kutoka malengelenge, nimemfunga bandeji mara mbili. Mwenye njumu namba 38 ambazo mtoto wake hazimtoshi tena, hata kama zimechakaa kidogo, aniandikie nitazifuata.