Mtu Aliyemo Ndani ya Kitenzi

Wanafunzi wangu wapenzi, juma lililopita mmoja wenu aliniuliza kwa nini Waingereza wana "he" na "she" ilhali sisi tuna "yeye" tu. Nilimjibu kwa haraka kwamba neno moja linatutosha, kengele ikalia, nasi tukatawanyika. Jibu lile halikuwa kosa, ila lilikuwa jibu la mwalimu anayewahi chai. Swali hilo lastahili jibu lingine, nami nina sababu yangu binafsi ya kulirudia, sababu ambayo si ya kujivunia.

Ninaishi Kansanga, hatua chache kutoka Barabara ya Ggaba. Mgeni akitembea hapa kutoka lango la Kampala International University kuelekea Kabalagala, atasikia Kiganda, Kiingereza, Kitigrinya, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Goma, pengine vyote mbele ya kibanda kimoja cha rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai. Miongoni mwa majirani zangu yumo mama mmoja aliyekimbia vita huko Kivu. Jioni moja mwaka jana alibisha hodi kwangu akiwa na karatasi mbili mkononi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa maelezo yake mwenyewe, yameandikwa kwa mkono kwa Kiswahili. Alieleza jinsi mwenye nyumba wake wa zamani alivyomtoa chumbani usiku pamoja na watoto kwa sababu ya deni la kodi ya mwezi mmoja. Sentensi iliyobeba uzito wote ilikuwa fupi: "Alinifukuza usiku, akabeba vitu yangu." (Darasani tungesema "vitu vyangu", lakini hicho ndicho Kiswahili cha kwao, na hakuna asiyekielewa.) Karatasi ya pili ilikuwa tafsiri ya Kiingereza ambayo kijana mmoja alimtolea kwa programu ya simu. Katika tafsiri hiyo mwenye nyumba alikuwa "he" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na mwenye nyumba yule ni mwanamke, bibi wa makamo ambaye mtaa mzima unamjua.

Mama huyo alikuwa amekwisha kuzipeleka karatasi zote mbili katika ofisi moja inayopokea malalamiko. Afisa alimsikiliza kupitia kwa mkalimani akisimulia habari za mwanamke, kisha akasoma karatasi inayomshtaki mwanamume. Akauliza kama walikuwa watu wawili. Hatimaye akamwambia arudi nyumbani akayapatanishe maelezo yake kwanza.

"Mwalimu," aliniambia akiwa bado amesimama mlangoni, "wanasema mimi ni mwongo."

Hebu tukitazame kitenzi chake pamoja: a-li-ni-fukuz-a. Kiambishi "a-" ni cha nafsi ya tatu umoja, naye ndiye mtenda. "Li" ni wakati uliopita. "Ni" ni nafsi ya kwanza, naye ndiye mtendwa. Watu wawili wamo ndani ya neno moja, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jinsia yake. Kiganda hufanya vivyo hivyo: "yangoba" haisemi kama aliyenifukuza ni mwanamume au mwanamke. Msomaji wa Kampala angeyasoma maelezo yale mwanzo hadi mwisho asihisi upungufu wowote. Kiingereza hakina njia hiyo. Hudai neno linalojitegemea mbele ya kitenzi, na mtu akiwa mmoja, neno hilo kwa kawaida huwa "he" au "she". Programu ilipofika kwenye "a-" ilikuta pengo, ikalijaza.

Ilijifunza wapi kulijaza? Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Programu za namna hii hufunzwa kwa matini nyingi mno, na wataalamu wa lugha huandaa pia matini ambazo binadamu wameziwekea alama neno kwa neno: hili nomino, hili kitenzi, hili kiwakilishi. Kwa Kiingereza kazi hiyo ni ya zamani. Mkusanyo mashuhuri uitwao Penn Treebank ulianza kutayarishwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na sehemu yake inayojulikana zaidi ni habari za gazeti la Wall Street Journal. Una alama 36 za aina za maneno. Kiwakilishi cha nafsi hupewa alama PRP, na kimilikishi hupewa PRP$. Alama hiyo ya dola imenichekesha siku zote, kana kwamba hakuna kumiliki pasipo fedha. Neno "her" humtesa mweka alama: katika "I saw her" ni PRP, lakini katika "I saw her house" ni PRP$. Ninyi mnaojifunza sarufi ya Kiswahili mnaujua ugomvi wa namna hii. Tukisema "nyumba yangu imeuzwa", neno "yangu" ni kivumishi. Tukisema "yangu imeuzwa", ni kiwakilishi. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni jirani yake.

Baadaye ukaja mpango wa Universal Dependencies, unaotaka lugha zote zipimwe kwa alama 17 zile zile. Kiwakilishi huitwa PRON, kisha huongezewa sifa zake: nafsi, idadi, uhusika, na jinsia pale inapokuwepo. "He" huandikiwa jinsia ya kiume, "she" ya kike, "it" isiyo ya kike wala ya kiume, na "they" haiandikiwi jinsia. Mwaka 2023 watafiti wa Masakhane walichapisha MasakhaPOS, yaani data za lugha 20 za Afrika, Kiswahili na Kiganda zikiwemo, zilizowekewa alama hizo 17. Nilishangilia, na bado nashangilia, kwa maana lugha zetu zimekaa nje ya karamu hiyo kwa muda mrefu. Lakini ipimeni sentensi ya jirani yangu kwa kipimo hicho. "She chased me" ina PRON mbili na VERB moja. "Alinifukuza" ni VERB moja, basi. Ukihesabu viwakilishi utapata sifuri, na watu wawili waliogombana usiku ule hawaonekani.

Sisemi kwamba waweka alama walikosea; kitenzi ni kitenzi. Ila ipo njia nyingine, ambayo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliifuata zamani: programu yake iitwayo SALAMA hukipasua kitenzi cha Kiswahili na kuonyesha nafsi na ngeli ya kila kiambishi. Ni kazi ndefu na yenye kuchosha. Hata hivyo ningependa kila anayejifunza Kiswahili aifanye kichwani mwake kabla ya kutafsiri lolote, aulize kwanza ni nani na nani wamo ndani ya kitenzi.

Mimi mwenyewe niliyasahau haya nilipolipwa. Miaka miwili iliyopita nilifanya kazi ya jioni katika mradi mdogo wa lugha. Nilikabidhiwa sentensi za Kiswahili, nami nilitakiwa kuziwekea alama, kisha kuandika tafsiri ya Kiingereza pembeni ya kila moja ili mashine ijifunze kwa jozi. Malipo yalikuwa kwa sentensi, na mtu anayelipwa kwa sentensi hatafakari sana. "Daktari amesahau miwani yake": nikaandika "his". "Muuguzi ameacha mwavuli wake": nikaandika "her". "Mwenye nyumba anadai kodi yake": "his". "Yaya amechelewa kwa sababu mtoto wake anaumwa": "her". Hakuna aliyeniagiza hivyo, wala sentensi zenyewe hazikunipa dalili yoyote. Dada yangu mkubwa ni daktari. Mwenye nyumba wangu mimi, ambaye humlipa kila mwezi na kumwamkia kwa heshima zote, ni mwanamke. Hata hivyo mkono uliandika "his" bila kusita, nikaenda sentensi inayofuata.

Sentensi zangu mia chache hazikuifunza simu ya kijana yule. Lakini ni za ukoo mmoja na zile zilizoifunza, na nilipoishika ile karatasi ya pili mlangoni niliutambua mwandiko wangu, ingawa ilikuwa imechapwa.

Wenye kutengeneza mashine hizi wameliona tatizo. Mwaka 2018 watafiti wa Google walitoa data ziitwazo GAP, jozi 8,908 za viwakilishi na majina kutoka Wikipedia, zenye idadi sawa ya viwakilishi vya kike na vya kiume, ili kupima kama mashine inatambua kiwakilishi kinamrejelea nani. Desemba mwaka huo huo programu yao ya kutafsiri ilianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya tafsiri kutoka Kituruki, ambacho kina neno "o" lifanyalo kazi kama "yeye" yetu. Kwa sentensi ya kujifunzia, hilo ni jambo jema. Lakini mtu anayekwenda kudai haki yake hahitaji majibu mawili ya kuchagua. Anahitaji moja la kweli, na ukweli huo anao yeye mwenyewe, akiulizwa.

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 23, inaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili anayemchagua. Maandishi ya Kiingereza ya kifungu hicho yanataja "his or her" mara mbili kwa mkupuo mmoja, na naamini waandishi wake walifanya hivyo makusudi ili mwanamke asije akaambiwa kwamba hakutajwa. Kwa Kiswahili "yake" moja imewabeba wote. Nalipenda neno hilo kwa ukarimu wake. Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba, ingawa ofisini bado karatasi husomwa kwa Kiingereza. Tumezoea kufikiri kwamba haki ya lugha ni haki ya kumwelewa afisa. Jirani yangu hakukamatwa na mtu. Yeye alihitaji kinyume chake, afisa amwelewe yeye.

Basi tukaketi mezani, yeye na mimi, tukaanza upya. Sikuigusa simu. Kila nilipokutana na "a-" nilimwuliza, "Mama, huyu ni nani?" Mwanzoni aliona ni ubishi wa kiwalimu. Tulipofika kwenye "akampiga mwanangu" nilikuwa nimekwisha kuandika kwa Kiingereza kwamba yule bibi alimpiga mtoto wa kiume, mara mama akanishika mkono. Aliyepiga hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mlinzi wa lango. Na mtoto aliyepigwa alikuwa binti yake. Katika neno moja, "akampiga", nilikuwa nimewakosea watu wawili, mimi mwalimu, bila msaada wa mashine yoyote, nikiwa nimeketi karibu na mtu aliyekuwa shahidi.

Tukaliandika tena. Kila mahali palipoweza kuzua shaka tuliweka nomino: mwenye nyumba ambaye ni mwanamke, mlinzi, binti yangu. Kiswahili chake kikawa kizito kidogo kuliko alivyokizoea, naye akalalamika kwamba sasa kinasikika kama tangazo la redio. Saa nne za usiku tulimaliza. Juma lililofuata afisa aliipokea karatasi mpya, akaipiga muhuri, akamwambia asubiri. Bado anasubiri.

Nami nilimwandikia msimamizi wa ule mradi kumwomba anirudishie sentensi zangu. Alijibu kwa upole kwamba zilikwisha kuunganishwa na za wenzangu, lakini nikileta masahihisho atayapokea, bila malipo. Sasa kila jioni nafungua faili. Pale ambapo Kiswahili hakisemi jinsia, naandika tafsiri mbili, au natafuta namna ya Kiingereza isiyochagua. Nimefika sentensi ya 140.